Dereva wa Soli Nyembamba

Watu waliokaa juu ya handaki letu walilalamika kwamba tunawatingishia nyumba, na hawakusema uongo. Vichwa vyetu vya treni vilikuwa na uzito wa tani arobaini na kitu kila kimoja, na mabingwa waliovibuni walizifunga mota moja kwa moja kwenye ekseli, bila springi hata moja ya kupunguza kishindo. Kichwa kikipita chini ya mtaa, vikombe vilicheza kabatini. Fundi cherehani mmoja wa Cobden Street alikwenda mahakamani na suruali iliyoshonwa upogo, akaishika juu kama ushahidi. Mwishowe wakaletwa wasomi watatu. Walilala kifudifudi juu ya mazulia ya watu wakitazama zebaki ikitetemeka ndani ya bakuli, kisha wakaandika ripoti nene kusema jambo ambalo muuza samaki yeyote wa London angewaambia bure: kosa ni la vichwa, viondolewe.

Mimi nilishangilia. Naitwa Wilfred Sturt, wakati ule nilikuwa na miaka thelathini na mmoja, na kazi yangu ilikuwa msaidizi wa dereva, yaani mtu anayesimama kando ya dereva akingoja naye awe dereva. Treni mpya hazikuwa na kichwa. Mota zilifichwa chini ya mabehewa yenyewe, la mbele na la nyuma, zikabebwa na springi kama abiria wa daraja la kwanza. Dereva angekaa peke yake kwenye chumba kidogo cha mbele, ameshika mpini ambao ukiuachia tu, treni inasimama yenyewe, hata kama umekata roho. Sisi tuliuita mpini wa marehemu. Wasaidizi hatukuhitajika tena. Atakayepita mtihani awe dereva, atakayeshindwa abaki kufunga na kufungua malango ya mabehewa. Nilijua nitapita. Sijawahi kuwa mtu wa kujidharau.

Aliyekuwa na shida ni dereva wangu, Septimus Crouch, na shida yake tuliijua watu wawili tu, mimi na mkewe. Mzee Crouch alikuwa kiziwi.

Sisemi alikuwa na sikio zito. Nasema ungeweza kufyatua bunduki nyuma yake naye akaendelea kukata mkate. Ujanani alifanya kazi ndani ya maboila, akizishikilia ribiti, ile misumari minene ya kuungia vyuma, huku wenzake wakizigonga kwa nje, na kazi hiyo hula masikio kidogo kidogo bila mwenyewe kushtuka. Alipofika miaka hamsini na mitano hakikubaki kitu. Lakini alikuwa mjanja. Alisoma midomo ya watu, na pale asipoiona midomo, alizungumza yeye mfululizo ili usipate nafasi ya kumuuliza neno. Karakana nzima walimwona mzee mwenye domo na asiyependa kujibiwa. Hakuna aliyeshangaa, maana wazee wa namna hiyo reli ilikuwa nao wengi.

Treni aliiendesha kwa nyayo. Mkewe, Keziah, alimkwangulia soli za viatu mpaka zikawa nyembamba kama ganda la kitunguu, na kazini ikajulikana kwamba Crouch ana sugu za miguu. Kile kishindo kilichowakera watu wa juu ndicho kilichompa habari. Alisimama mle gizani akaniambia, "Hapa pampu ya maji. Hapa chuma kimeungwa na mlevi. Hapa tunaanza kupanda, nazima umeme, kilima kitatusimamisha chenyewe." Na kweli, treni ilisimama kwenye ubao uleule wa jukwaa kila siku, hata abiria wa asubuhi walijua pa kusimama ili mlango uwakute. Sijaona dereva kama yule, na sasa mimi mwenyewe ni dereva wa siku nyingi.

Kitu kimoja tu nyayo hazikuweza, nacho ni kengele. Kwetu treni haiondoki kituoni mpaka kengele ipite. Gadi wa nyuma kabisa akishafunga lango lake anapiga yake, wa behewa linalofuata anaisikia naye anapiga, hivyo hivyo behewa kwa behewa mpaka ifike mbele. Sheria inasema dereva aisikie kwa sikio lake. Yetu niliisikia mimi, nikakanyaga sakafu kwa kisigino mara mbili, naye akafungua umeme.

Hatukuwahi kuliongelea jambo hilo. Siku ya kwanza niliyopangwa naye, reli ikiwa ndiyo kwanza imefunguliwa, kengele ililia, yeye akaganda. Nikakanyaga chini kwa hasira tu, maana sina subira, na papo hapo treni ikaondoka. Safari ya pili nikafanya vile makusudi, kuhakikisha. Jioni ile alininunulia pai ya samaki wa mikunga na viazi vya kuponda, akanitazama nikila mpaka nikamaliza. Basi tukawa tumekubaliana. Leo nikisimulia najua ilikuwa hatari. Wakati ule niliiona kuwa sehemu ya kazi, na miaka mitatu ilipita hivyo.

Tangazo la mtihani lilibandikwa kwenye chumba cha mapumziko, limetiwa sahihi na Bwana Hallowes, mkaguzi. Mzee Crouch alilisoma kutoka nyuma ya bega langu. Kisha akanishika mkono, akanipeleka kwenye duka la pai, tukakaa meza ya pembeni.

"Wewe utapita," akaniambia. "Mjinga mjinga, lakini utapita."

"Asante, mzee."

"Ukishapita, watakuweka kwenye malango mpaka treni zote zifike. Nimeuliza. Siku ya mtihani wangu utakuwa lango la kwanza, mgongoni kwangu. Kati yetu ni ubao tu na sakafu ni moja. Unanielewa?"

Nilimwelewa, nikafanya kama namtafuta mwiba kwenye pai.

"Usinifanyie ujanja, Wilfred. Mikunga haina miiba kwenye pai ya huyu mama. Utagonga au hugongi?"

"Na baada ya mtihani?" nikamuuliza. "Mimi nitakuwa na treni yangu."

"Baada ya mtihani nitamzoesha mwingine."

"Kama mbwa?"

"Kama wewe."

Ningeweza kukataa palepale. Sikukataa. Nilimpenda mzee yule, nilimwogopa kidogo, na zaidi ya yote sikuweza kumwazia nje ya handaki. Mtu wa namna ile, umwondoe kwenye treni, umpeleke wapi? Nikasema nitagonga, akaniongezea viazi.

Mtihani wangu nikaupita, nikawekwa langoni, na Jumatatu wakatupa treni mpya ya kujifunzia, mabehewa saba matupu, asubuhi baada ya watu kwenda kazini. Mzee Crouch aliingia kwenye chumba chake, akashika mpini, akasimama. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango wake nikimwona kupitia kioo. Nilipogonga visigino, treni iliteleza bila hata kukohoa. Akageuka kuniangalia, uso umemshuka.

"Imekufa hii," akasema. "Haisemi kitu."

Kituo cha kwanza alikipita nusu behewa. Cha pili alikipita hatua tano. Lakini ukaidi wake haukuwa wa kawaida, na kufikia saa nne alikuwa ameanza kuhesabu kwa vidole vya mkono wa kushoto, hesabu ya kila handaki, na akasimama mahali pake bila kukosea. Nilijisikia fahari utadhani ni mwanangu. Nikajiambia, huyu mzee atatuzika sote akiwa kwenye mpini.

Tukafika kituo cha Pilgrim's Gate. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Msafishaji mmoja alikuwa ameacha ndoo ya maji ya sabuni karibu na lango langu. Kengele ilikuwa bado. Enoch Pullen, bawabu wa behewa la tatu, alikuwa ameangusha kofia yake jukwaani, akashusha mguu mmoja kuiokota, mguu mwingine ndani ya treni. Mimi nikarudi nyuma hatua moja, nikaivaa ndoo, na katika kutafuta mahali pa kusimama nikaipiga sakafu kwa visigino vyote viwili. Treni ikaondoka.

Enoch alipiga ukelele. Wote tulipiga ukelele. Alikuwa ameshika nondo za lango kwa mikono miwili, buti zinaburuta jukwaani, na mwisho wa jukwaa ulikuwa unakuja, na baada ya mwisho wa jukwaa ni ukuta wa handaki. Nikaugonga ubao kwa ngumi, lakini kwake kugonga maana yake ni nenda. Alikwenda. Nikakumbuka kufungua mlango, nikamvuta bega. Mkono ukatoka kwenye mpini, na treni ikasimama kama ilivyoahidiwa.

Hatua nne zilibaki kufika ukutani. Nilizipima mwenyewe baadaye. Enoch alitoka na muundi uliochunika na buti moja, akakaa chini akatukana robo saa nzima bila kurudia tusi. Wote nikawaambia kosa ni langu, nimejikwaa nikaivuta kengele ya mbele, nao wakaamini, maana ndoo ilikuwa pale imepinduka na mimi nimelowa mpaka magotini.

Lakini kitu ambacho hakikunitoka ni uso wa mzee kabla sijamvuta bega. Mtu anaburutwa nyuma yake, watu saba wanalia kama wamefiwa, na yeye alikuwa anapiga mluzi. Wimbo wenyewe hauna sauti inayoeleweka, maana mwenyewe alikuwa hausikii. Alikuwa amefurahi kwamba ameondoka vizuri.

Tulipobaki wawili nikamweleza yote, polepole, midomo ikionekana.

"Umegonga, nimeondoka," akasema.

"Nilijikwaa, mzee."

"Basi usijikwae tena."

Hilo ndilo jibu alilonipa. Nilikasirika, na hasira yenyewe nusu ilikuwa juu yangu mimi.

Jumapili, siku nne kabla ya mtihani wake, nilialikwa kwao chakula cha mchana, kama ilivyokuwa desturi. Keziah Crouch alikuwa mwanamke mpana, mwenye mikono ya kukanda unga, na kila alipotaka kumwambia mumewe neno aliigonga meza kwanza kwa kijiko ili ageuke. Nilimfuata jikoni akiwa anaangalia nyama kwenye oveni. Nikamweleza habari ya Enoch. Hakunikatiza.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," akasema. "Ila hapa kifo kitakuwa cha mtu mwingine."

"Kwa nini humwambii wewe, mama?"

"Nimemwambia miaka mitatu. Nikianza tu, anafumba macho. Hebu niambie, mwanangu, unagombana vipi na mtu aliyefumba macho?"

"Niende kwa Bwana Hallowes?"

Akafunga mlango wa oveni kwa goti. "Ukienda kwa Hallowes, utakuwa umempokonya. Mwambie mwenyewe. Mngoje awe na kisu mkononi, anakata nyama. Akiwa na kisu hafumbi macho, ataogopa vidole vyake."

Ndivyo nilivyofanya. Alipokuwa katikati ya paja la kondoo nikaigonga meza. Akainua macho.

"Alhamisi sitagonga," nikasema.

"Rudia."

"Sitagonga, mzee. Kengele italia, nitaisikia, na nitasimama kama nguzo."

Kisu kikabaki ndani ya nyama. "Kwa hiyo umekwenda kwa Hallowes."

"Sijakwenda, na siendi. Midomo yangu haitafunguka."

"Hunisaidii, hunishtaki. Sasa wewe ni mtu gani? Rafiki si rafiki, adui si adui. Hata popo anajulikana analala wapi!"

"Mimi ni mtu aliyemwona Enoch akiburutwa. Wewe hukumwona."

"Miaka mitatu hatujamgusa mtu!"

"Miaka mitatu tulikuwa wawili. Kule mbele sasa utakuwa mmoja."

Akakichomoa kisu kwenye nyama. Nilidhani labda imeingia. Kumbe alikuwa anatafuta pumzi. "Ondoka mezani kwangu," akasema. "Nilikulisha pai tangu hujui kushika breki. Ondoka."

Niliondoka. Keziah alinifungia kipande changu cha nyama na pudingi kwenye kitambaa, akanisukumia mlangoni, na nilikula nikitembea, machozi yananitoka kama mtoto aliyenyang'anywa. Sioni haya kusema hivyo. Nilikuwa nimemtukana mtu aliyenifundisha kazi, mezani pake, siku ya Jumapili.

Alhamisi ikafika. Kuanzia Jumatatu mpaka siku ile mzee Crouch alipishana nami kwenye ngazi kama anapishana na tangazo la sabuni. Tulikuwa kituo cha Cobden Street, treni tupu, saa tatu na nusu asubuhi. Bwana Hallowes alikuwa mtu mwembamba wa maneno machache. Sifa yake ni kwamba aliwahi kumfelisha shemeji yake mwenyewe. Aliingia kwenye chumba cha dereva na daftari lake, akasimama upande wa kushoto. Mlango wa ubao waliuacha wazi kwa sababu ya joto. Nikasimama langoni kwangu, hatua mbili nyuma ya mgongo wa mzee. Amevaa kola mpya. Keziah alikuwa ameipiga pasi mpaka ikang'aa.

Malango yakafungwa. Nikaisikia kengele ikianza kule nyuma, ndogo, behewa la saba, la sita, la tano. Ikapita kwa Enoch. Ikafika behewa la pili. Nikapiga yangu, nayo ililia pale juu ya kichwa cha mzee, kubwa, ya kuamsha mtaa.

Hakutikisika. Mkono kwenye mpini, macho mbele gizani, anangoja.

Miguu iliniwasha. Sijui nielezeje. Miaka mitatu kila nikisikia mlio ule kisigino kilikwenda chenyewe, na sasa nilikibana ndani ya kiatu, nikavikunja vidole mpaka nikahisi nitaanguka. Mara mbili tu, nikawaza. Mara mbili, apite, apewe treni yake, tuyaone mengine baadaye. Kisha nikawaza hatua nne za Pilgrim's Gate, na safari hiyo isingekuwa Enoch. Ingekuwa mama na kikapu chake, na mimi ningekuwa kwenye treni nyingine, mbali, sina cha kuvuta.

Hallowes aliinua kichwa kutoka kwenye daftari. Akanionyesha kidole: tena. Nikapiga tena.

Mzee Crouch aligeuka. Hakumtazama Hallowes, alinitazama mimi. Nilitamani kufumba macho kama yeye, lakini sikufumba. Tukaangaliana muda wa kutosha mtu kuvua kofia na kuivaa. Niliona anajua kwamba imelia. Angeweza kugeuka, kufungua umeme, na kujifanya alikuwa anakagua breki, na huenda Hallowes angemwandikia kosa dogo tu la kuchelewa. Mkono ulikuwa bado kwenye mpini.

Akauondoa.

"Imelia?" akamuuliza Hallowes.

"Mara mbili."

"Basi andika. Sikuisikia. Sijasikia kengele hata moja tangu nianze kazi kwenye reli hii."

Hallowes hakuandika. Alilishika daftari kifuani kama mtu aliyeambiwa habari ya msiba. "Miaka mitatu," akasema mwishowe. "Umeendeshaje?"

Nikajua sasa ni zamu yangu. Nikaanza kuaga treni yangu mpya kimoyomoyo.

"Kwa miguu," mzee akasema.

Hallowes akatazama chini, kwenye zile soli. Kisha akanitazama mimi, kitambo. Mtu mwembamba vile, lakini macho yake yalikuwa na uzito. "Na msaidizi wako hakujua?"

"Huyu?" Mzee Crouch akacheka kwa pua. "Huyu hata ndoo haioni mpaka aivae. Muulize Enoch."

Hakuna aliyewahi kunitukana vizuri namna ile. Hallowes alifunga daftari lake, akashuka, na sisi tukabaki pale na treni isiyo na dereva. Ilibidi niiendeshe mimi mpaka karakana.

Yaliyofuata niliyapata kwa Keziah, maana mumewe bado alikuwa hataki kuniona. Wiki nzima alikaa nyumbani akingoja barua ya kufukuzwa. Hakula vizuri, akagombana na paka. Badala ya barua akaja Hallowes mwenyewe, akakaa ukingoni mwa kiti, akakataa chai. Alisema vile vichwa vya zamani vinauzwa kama vyuma chakavu, vyote isipokuwa viwili. Hivyo viwili vinabaki juu, kwenye yadi, kusukuma mabehewa ya makaa ya mawe mpaka kwenye nyumba ya mitambo ya umeme.

"Kule hakuna kengele, Crouch," akasema, akiinua uso ili midomo ionekane. "Ni mchana na ni bendera. Bendera unaziona?"

"Naona mpaka unachofikiria," mzee akamjibu.

"Basi unajua kwamba nafikiria kuondoa ofa yangu."

Wakapeana mikono. Keziah alisema baada ya mkaguzi kutoka, mumewe alisimama katikati ya chumba akaanza kulia na kucheka kwa pamoja, na yeye akamwacha, akaenda kumkaangia figo.

Mimi nilipata treni yangu. Nilikuwa dereva mwenye furaha, na nasema hivyo bila kupepesa macho. Vichwa viliondoka kimoja kimoja, na kufikia majira ya joto watu wa juu wakalala, vikombe vikatulia. Yule fundi cherehani hakuleta hata salamu. Sasa alianza kulalamikia harufu. Kengele ilipofika kwangu niliisikia, nikafungua umeme, nikaenda. Wakati mwingine, katikati ya handaki, nilijikuta nasema "hapa pampu ya maji," na hakukuwa na mtu wa kunikosoa.

Wiki sita zilipita kabla sijajipa moyo wa kwenda yadi. Ilikuwa Jumamosi mchana, jua limetoka, nimebeba pai mbili kwenye karatasi. Nilikiona kichwa kutoka mbali, kile chetu chenyewe, kinasukuma mabehewa ya makaa kwa kishindo kilekile na hakuna nyumba ya kutingisha, kunguru tu. Mzee alikuwa dirishani, mweusi kwa vumbi mpaka kwenye nyusi. Aliniona. Alinitazama mpaka nikadhani nitarudi na pai zangu.

"Unangoja kengele?" akasema. "Panda!"

Nikapanda. Tulikula tumesimama, sakafu ikitetemeka chini yetu, naye akanionyesha jinsi ya kuisogeza breki kwa upole ili makaa yasimwagike, kwa maelezo marefu, kana kwamba mimi sijawahi kuona breki. Nilimwacha aseme. Nilikuwa nimezitamani kelele zake kuliko nilivyojua. Tulipomaliza akafuta mikono kwenye suruali, akauangalia mlingoti wa bendera. Nyekundu bado.

"Unajua nilikuwa nasoma nini kila jioni kwenye gazeti?" akaniuliza ghafla.

"Mbio za farasi. Kila mtu anajua. Hukuwahi kushinda."

"Farasi ni baadaye. Kwanza nilikuwa natutafuta sisi."

"Sisi nani?"

"Wewe na mimi. Treni yetu." Alisema bila kunitazama, kwa hiyo hakutaka nimjibu. "Ningejuaje, Wilfred? Mtu akianguka nyuma yangu, akalia, akafa, mimi naenda zangu napiga mluzi. Ningeijua habari yake gazetini kama watu wengine. Kila jioni ukurasa wa ajali, mstari kwa mstari, mpaka chini kabisa. Miaka mitatu. Keziah alidhani natafuta nyumba ya kupanga."

Uso wake ulikuwa umegeukia mlingoti, maneno yangu asingeyaona. Nilimshika bega tu. Hakuuondoa mkono wangu. Kijani ikapanda, akafungua umeme taratibu, mabehewa ya makaa yakaanza kwenda.

"Na sasa?" nikamuuliza, nikiwa nimesogea mbele yake ili anione.

"Sasa," akasema, "naanza na farasi."